Miwani ya jua ya mia mbili na ya elfu ishirini: ni nini hasa unacholipia?

LenziSafi_Ksm

Wadau, kila jua linapokaza kunazuka ubishi uleule. Kuna wanaosema miwani ya mia mbili ya pale stendi itakupofusha, na kuna wanaosema ya elfu ishirini ni jina tu. Wote wanakosea kwa sababu moja: wanapima miwani kwa bei. Naomba safari hii tupime kwa vipimo, kisha kila mtu aseme anachopendelea na kwa nini.

Tuanze na jua letu wenyewe. Ikweta inapita Maseno, kwa hivyo hapa jua la mchana linakaa karibu na utosi mwaka mzima. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na miale ya urujuanimno (UV) huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Watu wa Nakuru, kibaridi chenu kisiwadanganye. Ngozi haihisi joto lakini jicho linapigwa kuliko letu huku ziwani. Ile nyama inayotambaa kutoka kona ya jicho kuelekea katikati huhusishwa na jua la miaka mingi, na vumbi haliisaidii.

Sasa kinga. Kuzuia UV ni kazi rahisi kiwandani. Polikaboneti huzuia karibu miale yote yenyewe, hata ikiwa haina rangi. CR-39, ile plastiki ngumu ya lenzi za kusomea, huzuia sehemu kubwa na hutiwa dawa kidogo ili izuie miale hadi nanomita 400 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ndiyo maana ya "UV400". Yenye mashaka ni akriliki laini ya bei ya chini kabisa, kwa sababu bila dawa hupitisha miale mingi. Giza la lenzi halikuambii lolote kuhusu UV. Lenzi nyeusi isiyo na dawa inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, maana mboni hupanuka gizani na kuruhusu miale mingi zaidi iingie.

Kibandiko cha UV400 mtu yeyote anaweza kukichapa. Pima. Maduka mengi yana mashine au tochi ya kukagua noti. Weka noti chini ya taa hiyo, tazama alama zinazong'aa, kisha pitisha lenzi kati ya taa na noti. Lenzi nzuri inazima ule mng'ao kabisa au karibu kabisa. Ukitaka kujua kama kipimo chenyewe kinafanya kazi, weka karatasi nyembamba ya nailoni badala ya lenzi: noti itaendelea kung'aa. Mashine ya duka yenye balbu ya nanomita 365 inaaminika zaidi. Vitochi vidogo vya 395 viko ukingoni mwa UV na hutoa pia mwanga wa zambarau unaoonekana, basi usitishwe na kidoa cha zambarau kinachopenya. Angalia alama za noti tu. Na usimulike jicho la mtu.

Mimi napendelea polikaboneti ya kijivu, kategoria 3, isiyo na madoido. Nyinyi je?

Dereva_Busia

Asante mkubwa. Hiyo kategoria inasomwa wapi? Na kwa barabara, hasa jioni ukielekea Busia jua likiwa usoni, ni rangi gani?

LenziSafi_Ksm

Inaandikwa ndani ya mkono wa miwani, mara nyingi karibu na herufi CE, kama "Cat. 3" au tarakimu tu. Zinaanzia 0 hadi 4. Kategoria 2 hupitisha asilimia 18 hadi 43 ya mwanga, 3 hupitisha 8 hadi 18, na 4 hupitisha 3 hadi 8 tu. Ya 4 ni ya theluji na milima mirefu, haifai kuendeshea gari hata mchana. Kwa jua letu, 3. Kwa mtu anayeshinda chini ya miti, kwa mfano pande za msitu wa Kakamega, 2 inatosha na inapumzisha zaidi.

Rangi: kijivu hakibadilishi rangi za vitu. Kahawia hupunguza buluu, kwa hivyo mashimo ya lami na ukungu wa Mau Summit hujitokeza vizuri zaidi. Kijani kiko katikati. Kwa udereva mimi ningechagua kahawia. Epuka buluu na waridi iliyokolea, maana zinaweza kuvuruga taa za barabarani na taa za breki za gari la mbele.

Lenzi iliyokolea juu na kufifia chini inafaa dereva sana: juu inakata anga, chini unasoma dashibodi. Lakini jua likishazama vua. Lenzi inayopitisha chini ya asilimia 75 haifai magharibi wala usiku, na hiyo ni karibu miwani yote ya jua. Zile za njano zinazouzwa kama "miwani ya usiku" pia zinakupunguzia mwanga wakati unapouhitaji zaidi. Taa za lori likija hazipungui makali peke yake, hata yule mwenda kwa miguu asiye na taa anapungua.

Zinazobadilika rangi zenyewe usizitegemee garini. Huamshwa na UV, na kioo cha mbele cha gari kimeshaizuia, kwa hivyo ndani zinabaki karibu nyeupe. Isitoshe, joto hupunguza giza lao, na joto ndilo tulilo nalo Kisumu.

Nyar_Dunga

Mmesahau ziwa. Kwa mtu wa boti, polaraizidi si anasa. Mwanga ukigonga maji hurudi ukiwa umelala upande mmoja, na lenzi ya polaraizidi ina utando unaokata huo uliolala. Lenzi ya kawaida inatia kila kitu giza pamoja na mng'ao wenyewe. Polaraizidi inaondoa mng'ao na kukuachia maji: unaona gugumaji lililozama nusu, kamba ya wavu, jiwe chini ya maji ya kina kifupi.

Ila haifanyi kazi sawa saa zote. Mng'ao unakatika vizuri kabisa ukitoka kwenye maji kwa pembe ya takriban digrii 53 kutoka wima. Kwa jua la hapa hiyo ni karibu saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, tofauti ni ndogo. Ukiinamisha kichwa kando pia mng'ao unarudi.

Kupima: shika simu iliyowashwa, itazame kupitia lenzi, kisha zungusha miwani taratibu kama usukani. Skrini nyingi zitafifia hadi kuwa nyeusi au kubadilika rangi kwa pembe fulani. Isipobadilika popote, pembe zote, huenda hiyo si polaraizidi hata kibandiko kiseme nini. Au chukua miwani mbili, pitisha lenzi moja mbele ya nyingine kwa msalaba. Zote zikiwa za kweli, pale zinapokutana panakuwa giza tititi.

Wangu ni hii: kahawia, polaraizidi, kamba shingoni. Miwani ikidondoka ziwani haielei, isipokuwa ukiifunga kamba ya sponji.

Dereva_Busia

Omera hapo kwa simu ndipo penye tatizo. Mtu wa bodaboda anayefuata ramani kwenye simu anaona giza.

Nyar_Dunga

Kweli, ndugu yangu. Kuna simu zinazofifia zikiwa wima na nyingine zikiwa zimelala, basi jaribu na simu yako mwenyewe kabla ya kulipa. Skrini za baadhi ya magari pia. Utaona vilevile madoa kama chui kwenye vioo vya nyuma vya magari. Hiyo ni alama ya kioo kilichopozwa ghafla kiwandani, si ugonjwa wa macho. Mtu wa boda anayetegemea simu, achukue isiyo polaraizidi. Marubani nao huziepuka kwa sababu ya skrini zao.

Muuzaji_Kondele

Naomba niwatetee wa bei ya chini, kwa sababu hao ndio wateja wengi. Katika ubao mmoja wa miwani, za 200, 300 na 500 mara nyingi zinatoka katoni moja. Tofauti ni umbo na jinsi mteja alivyovaa. Kwa hivyo usiongeze pesa, ongeza dakika tano za kuchagua.

Iweke mezani ikiwa imefunguliwa, lenzi zikitazama mbele. Mikono yote miwili iguse meza. Mmoja ukielea, fremu imepinda na itakaa upande usoni. Ilaze kwenye karatasi nyeupe kwenye mwanga: lenzi zote mbili ziwe na rangi moja. Ikiwa kushoto ni nyeusi zaidi, weka chini. Fungua na kufunga mikono mara kumi. Skrubu inayozunguka yenyewe ndani ya mara kumi haimalizi mwezi. Bonyeza lenzi kwa kidole gumba kutoka ndani, pole. Ikicheza itatoka siku ya kwanza ukivua kwa mkono mmoja.

Kinachoua miwani za bei hii ni bawaba. Jino la plastiki linakatika na hapo hakuna fundi. Tafuta yenye bawaba ya chuma iliyozamishwa ndani ya mkono, zipo hata kwa 300.

LenziSafi_Ksm

Muuzaji, asante kwa ukweli huo. Naongeza kipimo kimoja ambacho naona ni muhimu kuliko vyote baada ya UV, maana ndicho kinacholeta maumivu ya kichwa.

Shika miwani kwa mkono ulionyooshwa. Funga jicho moja. Tazama kupitia lenzi moja ukingo wa mlango au nguzo ya stima, mstari wowote ulionyooka. Sasa sogeza miwani polepole juu chini, kisha kushoto kulia. Mstari ukibaki umenyooka katikati ya lenzi, lenzi ni safi. Ukiona unatetemeka kama moshi juu ya jiko, au unavimba mahali kama nyoka aliyemeza panya, lenzi ilimiminwa vibaya au imebanwa na fremu. Kujikunja kidogo pembeni kabisa si neno, hasa kwa miwani iliyokumbatia uso. Katikati hapana. Jicho linajaribu kunyoosha mstari huo mchana kutwa, na saa kumi unatafuta panadol.

Hapa ndipo bei inapoanza kuwa na maana. Kuanzia kama 1,500 hivi unaanza kupata lenzi zinazofaulu kipimo hiki moja baada ya nyingine. Kwa 200 ni bahati: katika kumi unaweza kupata tatu safi, na unaweza kukosa.

FundiFremu_Naks

Salamu kutoka Nakuru. Mnaongea lenzi tu, fremu je? Lenzi bora kwenye fremu isiyokutosha inashuka puani na jua linaingia kwa juu.

Ndani ya mkono kuna tarakimu kama 52□18 140. 52 ni upana wa lenzi moja kwa milimita, 18 ni daraja la pua, 140 ni urefu wa mkono. Fremu nyingi hutengenezwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Pua nyingi za kwetu ni pana na daraja lake liko chini, kwa hivyo fremu ya plastiki yenye daraja la 16 au 17 itakaa juu ya nyama ya pua, iguse mashavu ukicheka na kope zipake mafuta kwenye lenzi. Tafuta daraja la 20 hadi 22, au fremu ya chuma yenye pedi mbili ndogo za silikoni kwenye vijiti. Vijiti hivyo hupanuliwa au kubanwa kwa koleo ndogo, nusu milimita kwa nusu milimita, hadi miwani ikae. Kwa sababu hiyo pekee napendelea chuma kuliko plastiki, na simwonei haya mtu.

Kipimo cha haraka: vaa, inama utazame viatu, tikisa kichwa mara tatu. Isiposogea, ni yako. Ikibana nyuma ya sikio au ikiacha alama ya kina pembeni mwa uso baada ya dakika tano, si yako hata kama inakupendeza kwenye kioo.

Malighafi kwa ufupi. Plastiki ya kumiminwa ni nyepesi, haikarabatiki. TR90 ni aina ya nailoni, inapinda na kurudi, nzuri kwa kazi na michezo, ila haikubali kurekebishwa kwa joto. Asetati, aina nyingine ya plastiki, hukatwa kutoka kwenye bamba, ni nzito kidogo, na ndiyo ninayoweza kuinyoosha: maji ya moto yasiyochemka, nusu dakika hadi dakika moja, kunja taratibu, kisha maji baridi. Ikikataa kupinda usilazimishe, irudishe majini, maana ikiwa baridi inapasuka. Toa lenzi kwanza, joto linaharibu tabaka zake. Titani haipati kutu na haichubui ngozi. Vyuma vya bei ya chini vyenye nikeli huwasha watu wengine, na jasho huacha rangi ya kijani puani. Ukiona kijani, ule mpako wa juu umeisha.

Mama_Wawili

Naomba kuuliza mawili. Za mtumba pale Kibuye ni salama? Na mtoto wa miaka sita anaweza kuvaa?

FundiFremu_Naks

Dada, mtumba unaweza kukupa asetati ya kweli kwa bei ya plastiki, lakini angalia jambo moja: nyingine zina namba za daktari za mwenyewe wa kwanza. Zishike mbele yako, tazama nguzo kupitia lenzi, zisogeze kushoto kulia. Nguzo ikitulia, hazina namba. Nguzo ikikimbia pamoja na miwani, ni lenzi ya kutoa (minus). Ikikimbia upande wa pili, ni ya kujumlisha (plus). Fremu nzuri yenye namba usiitupe, mpelekee fundi wa miwani akutilie lenzi nyingine.

Mtoto, ndiyo, na ni vyema. Lenzi ya jicho lake ni angavu zaidi kuliko ya mtu mzima, UV inafika ndani zaidi. Polikaboneti tu, kwa sababu haipasuki vipande akianguka. Kioo usimpe. Miwani ya kuchezea yenye lenzi za akriliki ipitishe kwanza kwenye mashine ya noti. Na umvishe kofia pia, kwa sababu miale mingine inaingia kando na juu ya fremu.

JuaKali_Kibuye

Sisi wa kuchomelea tukivaa mbili kwa pamoja, nyeusi juu ya nyeusi, si inatosha?

LenziSafi_Ksm

Hapana kaka, tafadhali acheni. Mwale wa weldi ya umeme unahitaji kioo chenye namba ya giza 10 hadi 12, na weldi ya gesi karibu namba 5. Miwani ya jua, hata mbili, haifiki huko. Macho yanayohisi kama yana mchanga usiku baada ya kazi ni sehemu ya mbele ya jicho iliyoungua. Chukua kinyago chenye kioo kilichochapishwa namba, na anayekushikia chuma avae chake pia. Miwani ya jua vilevile si ya kutazamia jua lenyewe wakati wa kupatwa.

Dereva_Busia

Sasa turudi kwenye kichwa cha uzi. Ya elfu ishirini inanipa nini?

LenziSafi_Ksm

Haikupi UV zaidi. Ikishafika 400 imefika, hakuna 400 ya matajiri.

Kwanza unapata lenzi. Kioo halisi hakichubuki kirahisi na picha yake ni safi sana, ila ni kizito na kinaweza kupasuka. Kwa boda hapana. Kwa mtu wa ofisini na gari, ni raha. Kwenye polaraizidi, za bei ya chini ni tabaka za TAC (plastiki nyembamba) zilizogandishwa pamoja, na joto la dashibodi linazibandua kutoka ukingoni. Utaona kama mapovu. Za ghali huweka utando ndani ya lenzi ngumu. Wengine huongeza mpako wa nyuma unaozuia mwanga unaotoka nyuma yako usirudi jichoni.

Pili, fremu na vipuri. Bawaba yenye meno matano au saba, pedi na skrubu zinazopatikana, lenzi zinazobadilishwa. Hapo kwangu ndipo pesa inapotetewa: miwani inayotengenezeka.

Tatu, jina. Ray-Ban ilianza 1937 chini ya Bausch & Lomb ya Marekani. Luxottica ya Italia iliinunua 1999, ikachukua Oakley 2007. Majina mengi ya mitindo hayatengenezi miwani yenyewe, hutoa leseni kwa viwanda vichache vikubwa. Kwa hivyo majina mawili yanayoshindana dirishani huenda yametoka kampuni moja. Ukilipenda jina, lipende, ni pesa yako. Ila bandia ni nyingi: kwenye Ray-Ban tafuta herufi RB ndogo zilizochongwa ukingoni mwa lenzi, pitisha ukucha uzisikie, na ukague kama kuna mshono wa kalibu (umbo la kumiminia plastiki) kwenye daraja la pua. Mshono unaokwaruza ni dalili mbaya.

Upendeleo wangu kwa bajeti: ukiwa na 500, nunua moja ya Muuzaji iliyofaulu vipimo vyote. Ukiwa na 3,000 hadi 8,000, hapo ndipo shilingi inarudisha zaidi. Unaweza pia kutiwa lenzi ya CR-39 yenye tinti kwenye fremu uliyo nayo, pamoja na namba zako za kusomea. Polikaboneti haishiki vizuri tinti inayotiwa baada ya lenzi kutengenezwa, basi ukitaka rangi, omba CR-39.

Nyar_Dunga

Na utunzaji jamani. Dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha plastiki. Ukipaka, nawa mikono kabla ya kugusa miwani, la sivyo fremu inanata na lenzi inaota ukungu usiotoka. Chumvi ya jasho ioshwe kila jioni.

FundiFremu_Naks

Maji kwanza, kila mara. Vumbi la huku ni mchanga mdogo mno, ukifuta kikavu kwa pindo la shati unapiga msasa. Maji, tone la sabuni ya vyombo, vidole, suuza, kisha kitambaa laini. Usitumie asetoni wala spiriti kwenye asetati. Usiache juu ya dashibodi, mpako wa lenzi unapasuka kama matope yaliyokauka kwa sababu lenzi na mpako havitanuki sawasawa.

Dereva_Busia

Skrubu ya mkono wa kulia inalegea kila wiki. Gundi?

FundiFremu_Naks

Usitie gundi, siku ya kubadilisha mkono utavunja bawaba. Toa skrubu, futa mafuta, paka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye nyuzi zake, irudishe, acha usiku mzima. Kaza hadi mkono uwe mzito kidogo kufunga, usikaze zaidi. Ikiendelea kulegea, nyuzi zimekwisha, omba fundi skrubu nene hatua moja: ikiwa ilikuwa ya milimita 1.4, akutilie ya 1.5 au 1.6.